Alopurinoli ilimzidishia baba maumivu: je, si dawa yake?

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kwa niaba ya baba yangu, ana miaka 58, tupo Mwanza, anauza dagaa. Tangu mwaka juzi kidole gumba cha mguu wa kulia humvimba ghafla usiku, hakanyagi siku nne tano, kisha kinapoa chenyewe. Mara ya kwanza walimpima asidi ya yuriki wakasema iko sawa, wakadhani amejikwaa. Mwaka huu imehamia kifundo cha mguu na goti, kipimo kikasoma 9.1, akaandikiwa alopurinoli. Aliinywa siku tisa, mguu ukavimba kuliko siku zote, akaitupa. Sasa anameza diklofenaki kila siku, ameacha nyama, dagaa na maharage. Ana presha, anatumia bendrofluazaidi. Watu wanasema huu ni ugonjwa wa wala nyama, na baba nyama anaiona sikukuu. Hiyo alopurinoli si dawa yake? Mimi binti yake.

Jibu: Marahaba mwanangu. Ni dawa yake. Nikikuambia kwamba uvimbe ule wa siku ya tisa huenda ulikuja kwa sababu dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, utaona nakutania, lakini ugonjwa wa baba ni gauti, uvimbe wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki ikizidi mwilini, na ndivyo ulivyo. Kosa halikuwa kwenye kidonge. Lilikuwa kwenye namna alivyoanzishwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia mapema kitakachotokea. Ngoja kwanza tuone kinachomuuma ni nini, maana bila hilo maelezo ya dawa hayatakaa kichwani.

Umewahi kupika shira ya visheti? Sukari ikizidi, shira ikiwa bado ya moto huoni kitu, imelainika vizuri. Iache ipoe. Punje zinaanza kujitokeza, na zinaanzia ukingoni mwa sufuria, mahali panapopoa kwanza. Asidi ya yuriki ndani ya damu ina tabia hiyo hiyo. Damu inaweza kuibeba ikiwa imeyeyuka mpaka kufikia takriban miligramu 6.8 kwa desilita. Ikipita hapo kwa miezi na miaka, ziada inaganda na kuwa fuwele nyembamba kama sindano, na fuwele hizo hutafuta sehemu za mwili zilizo baridi. Kidole gumba cha mguu kiko mbali na moyo, kinapoa usiku, kinagongwagongwa mchana kutwa. Ndiyo maana gauti hupenda kuanzia pale, na hupenda usiku.

Fuwele zinaweza kukaa kwenye kiungo miaka bila kumsumbua mtu. Shida huanza zinapotikisika na kumeguka. Chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huzivamia zikidhani ni adui, na vurugu hiyo ndiyo uvimbe, joto na maumivu. Kumbuka neno hilo, kumeguka. Tutalirudia.

Sasa asidi yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo majirani wanapomwonea baba. Seli za mwili hufa na kuzaliwa kila siku, na mabaki yake yana vitu viitwavyo pyurini, ambavyo ini huvigeuza kuwa asidi ya yuriki. Chakula huongeza tu juu ya hicho. Ng'ombe, mbuzi na paka wana kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwilini, cha kuivunja zaidi asidi hiyo mpaka iwe kitu kinachotoka kirahisi kwenye mkojo. Sisi binadamu, pamoja na sokwe, tulikipoteza zamani sana. Tunategemea figo zitoe theluthi mbili hivi, na utumbo utoe theluthi iliyobaki. Kwa wagonjwa wengi sana wa gauti tatizo ni figo kuwa wagumu wa kutoa. Mtu wa namna hiyo anaweza kula ugali na mchicha na bado asidi ikapanda, wakati rafiki yake anamaliza kilo ya nyama choma kila Jumamosi na haugui. Ugumu huo wa figo kwa sehemu kubwa ni wa kurithi, kwa hiyo kaka zako wajiangalie. Wewe una nafuu kwa sasa, kwa kuwa homoni za kike husaidia figo kutoa asidi hii. Baada ya ukomo wa hedhi nafuu hiyo hupungua.

Halafu kuna bendrofluazaidi. Dawa za presha za kundi hili, zile za kukojoza, huifanya figo iishike asidi ya yuriki badala ya kuitoa. Furosemaidi ni hivyo hivyo. Aspirini ya dozi ndogo nayo, ingawa aliyepewa kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya gauti. Pirazinamidi na ethambutoli, zilizomo kwenye dawa za kifua kikuu, hupandisha pia. Sisemi kwamba bendrofluazaidi ndiyo iliyomletea baba ugonjwa, ila nina hakika haimsaidii. Asiiache mwenyewe, presha ikiruka tutajuta. Amwombe daktari wake ambadilishie. Losartani huteremsha presha na asidi ya yuriki kidogo kwa wakati mmoja, na amlodipini haina ubaya kwa upande huu. Nikiulizwa badiliko moja la kwanza kwa mgonjwa kama huyu, ni hilo, kabla hata ya kugusa sahani yake ya chakula.

Dalili ulizoeleza ni zenyewe kabisa. Mtu analala mzima, saa nane usiku anaamshwa na kidole kama kimebanwa na mlango. Ndani ya siku moja maumivu yanafika kileleni. Shuka likimgusa anaruka, mtoto akipita karibu na kitanda anapigiwa kelele asimkaribie. Vitabu husema kiungo kinakuwa chekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Angalia ngozi iliyokaza na kung'aa, na weka mgongo wa kiganja chako usikie joto. Hata bila dawa shambulio la mwanzo huisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu hudanganyika. Waliomchua wanasema kuchua kumemponya, aliyemchanja kwa wembe anasema chale zimemponya. Mimi wagonjwa wa gauti nawatambua wakiwa bado mlangoni: mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili.

Yasipotibiwa mashambulizi husogeleana. Kutoka kidole yanapanda kifundo, goti, kiwiko, vidole vya mkono, kama ilivyoanza kwa baba. Baada ya miaka mingi hutokea vinundu vigumu kwenye viwiko, vidoleni, hata kwenye ukingo wa sikio. Nimewahi kumfunga kidonda bwana mmoja ambaye kinundu cha kidoleni kilipasuka chenyewe, kikatoa kitu cheupe kama chaki iliyolowa. Alikuwa ameshaambiwa ni usaha na kupewa antibiotiki mara tatu. Ile ilikuwa asidi ya yuriki tupu. Fuwele hizo hizo zinaweza pia kujenga mawe kwenye figo.

Kipimo cha kwanza kusoma sawa kisikushangaze. Katikati ya shambulio asidi ya damuni inaweza kushuka kwa muda, ikaonekana ya kawaida kwa mtu mwenye gauti halisi. Inabidi kurudia wiki mbili au zaidi baada ya kiungo kupoa. Na kinyume chake pia kipo. Siku hizi watu wanalipia vifurushi vya vipimo vya mwili mzima, wanatoka na asidi 7.8, hawajawahi kuumwa kidole, na jioni hiyo hiyo wanaanza alopurinoli. Namba peke yake si gauti. Wengi wao hawatakaa waugue, na kwa kawaida hatuwapi dawa. Kipimo cha uhakika ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu unaoonyesha zile fuwele. Hadubini ya namna hiyo si kila hospitali inayo, kwa hiyo mara nyingi tunaamua kwa historia ya mgonjwa, na historia ya baba inajitosheleza.

Kuna hali moja ambayo sindano hiyo haikwepeki. Kiungo kimoja kikivimba na mgonjwa ana homa kali, anatetemeka, au ana kisukari, au ana jeraha karibu na hapo, huenda ni vijidudu vimeingia ndani ya kiungo. Huko cha kusubiri hakuna. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama amewahi kuwa na gauti mara kumi, maana ugonjwa mmoja hauzuii mwingine, na kiungo chenye usaha huharibika kwa siku chache.

Tuje kwenye dawa. Ziko za aina mbili, na kutozitofautisha ndiko kulikomponza baba. Aina ya kwanza hutuliza vurugu ya shambulio, lakini haiondoi hata fuwele moja. Aina ya pili huondoa fuwele polepole, ila haitulizi maumivu hata kidogo. Mtu anayemeza alopurinoli ili mguu upoe leo ni kama aliyepanda mwembe akikaa chini kusubiri kivuli cha mchana huo.

Za kutuliza zina kanuni moja kubwa: zianze mapema, saa za mwanzo kabisa. Kuna dawa za kundi la diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na indomethasini, ambazo kwa mtu mwenye figo, tumbo na moyo mzima hufanya kazi nzuri kwa dozi kamili ya siku chache. Kuna kolkisini. Vidonge vyake mara nyingi ni vya miligramu 0.5: viwili mara shambulio linapoanza, kimoja baada ya saa moja, basi kwa siku hiyo. Kesho yake kimoja mara moja au mbili kwa siku mpaka kipoe. Madaktari wa zamani, mimi nikiwamo nilipoanza kazi, tulikuwa tukitoa kidonge kila baada ya saa mpaka mgonjwa aharishe. Utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba dozi ndogo inatuliza sawa na ile kubwa, bila kumpeleka mtu chooni usiku kucha. Dawa hii ikizidi inaua na haina dawa ya kuizima, kwa hiyo ifungiwe mbali na watoto, na mwenye figo dhaifu apunguziwe. Anayetumia klarithromaisini, au dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri, amwambie daktari kabla hajaigusa. Ya tatu ni prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, kwa kawaida miligramu 30 hivi asubuhi kwa siku tano. Kwa mzee mwenye presha ambaye figo zake hazijapimwa, mimi huelekea kwenye prednisoloni ya siku chache au kolkisini ya dozi ndogo, huku nikiangalia sukari na presha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Kuchua hakusaidii, kunatikisa tu kilichotikisika.

Diklofenaki ya kila siku ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko gauti yenyewe. Inakwangua tumbo, inapandisha presha, inabana figo, na ikikutana na dawa ya kukojoza figo zinabanwa pande mbili. Figo ikichoka inazidi kushindwa kutoa asidi, kwa hiyo baba anameza kila asubuhi kitu kinachoweza kumrudisha alikotoka. Aiache, na akipimwa damu wapime na kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Na zile dawa za unga zinazouzwa kwenye mabasi na masokoni kwamba zinaponya viungo ndani ya siku mbili, mkimbieni muuzaji. Kinachoponya kwa siku mbili mara nyingi ni steroidi iliyosagwa humo bila kipimo.

Alopurinoli sasa. Waliyoitengeneza ni Gertrude Elion na George Hitchings, walioshiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988 kwa kazi ya dawa hii na nyingine kadhaa. Inakizuia kimeng'enya kinachozalisha asidi ya yuriki. Asidi ya damuni ikishuka chini ya 6.8, shira inakuwa nyepesi, na punje zilizoganda zinaanza kuyeyuka kurudi kwenye damu. Lakini haziyeyuki kwa adabu. Zinalegea, zinameguka vipande, na askari wanavivamia vile vipande. Hiyo ndiyo siku ya tisa ya baba. Kadiri asidi inavyoshushwa kwa kishindo, ndivyo zinavyomeguka kwa kishindo. Hukuandika alipewa miligramu ngapi, lakini nimezoea kuona vyeti vya 300 kuanzia siku ya kwanza bila kinga yoyote, na wagonjwa hao karibu wote hurudi wakilalamika kama wewe.

Namna ya kuianza ni hii. Miligramu 100 kwa siku, au 50 kama figo ni dhaifu. Inapandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki nne hivi, kila safari baada ya kupima asidi, mpaka isome chini ya 6. Maabara nyingine huandika kwa mikromoli, huko shabaha ni chini ya 360. Mwenye vinundu tunamshusha mpaka chini ya 5. Wengi hufika wakiwa kwenye 300, wengine wanahitaji 400 au zaidi, na hilo si jambo la kuogopwa likifanywa taratibu. Anayeachwa kwenye 100 miaka mitano bila kupimwa tena hajatibiwa. Pamoja nayo, kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, anapewa kinga: kolkisini kidonge kimoja cha 0.5 mara moja au mbili kwa siku. Shambulio likitokea katikati, na laweza kutokea, analitibu kwa dawa za kutuliza huku alopurinoli ikiendelea. Asiiache. Kuiacha na kuianza upya ni kuzitikisa fuwele mara mbili. Zikiyeyuka zote, mashambulizi yanakoma, vinundu navyo vinasinyaa kwa mwaka mmoja au miwili, lakini kidonge kinaendelea, kwa kuwa figo aliyozaliwa nayo haijabadilika.

Sababu ya kuiacha siku hiyo hiyo ni moja: vipele au ngozi kuwasha na kubabuka, hasa vikija na homa, vidonda vya mdomoni au macho kuwaka. Ni nadra, na hutokea zaidi katika wiki nane za mwanzo, lakini mzio huo ukikomaa unaweza kuua. Kuanza na dozi ndogo kunapunguza hatari. Anayetumia azathioprini asipewe bila daktari kupiga hesabu upya, dawa hizo mbili zikikutana zinazima uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Asiyeivumilia alopurinoli ana febuksostati, miligramu 40 hadi 80, ghali zaidi na yenye maswali kwa wagonjwa wa moyo. Utafiti wa 2018 uliwatia watu hofu, wa 2020 ukaja na matokeo ya kutuliza hofu hiyo. Kwa baba haijafika huko.

Chakula nimekiacha mwisho makusudi. Kujinyima kwa bidii huteremsha asidi kwa miligramu moja hivi. Ya baba ilikuwa 9.1. Toa moja, inabaki 8.1, bado iko juu ya 6.8. Huo ndio ukweli wote kuhusu lishe ya gauti, na unauma, kwa sababu watu wanakondeshwa bure. Maharage arudishiwe leo. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 Marekani kwa miaka 12, uliotoka 2004, ulikuta nyama na vyakula vya baharini vinaongeza gauti, lakini mboga na jamii ya maharage hazikuongeza, na maziwa yalipunguza. Maziwa mgando yasiyo na mafuta mengi ni rafiki yake. Dagaa ni kweli wana pyurini nyingi, unamla samaki mzima na maini yake, kwa hiyo kwa miezi hii ya mwanzo awauze zaidi kuliko kuwala. Sato au sangara kipande cha kawaida hakina neno. Maini, figo na utumbo aviache. Bia na pombe za kienyeji ni mbaya kuliko nyama anayoiona sikukuu, na soda zenye sukari zinapandisha asidi pia, jambo ambalo wengi hawalijui. Akinywa soda mbili kwa siku pale sokoni na jua, aanze na hizo, anywe maji. Asifunge kula ili apungue haraka, njaa kali huamsha shambulio.

Kwa hiyo mpeleke kwa daktari mmoja atakayemfuata kwa mwaka mzima, si kila safari dirisha jingine. Beba pakiti zote anazomeza, hata zile za dukani. Wampime asidi ya yuriki, kreatinini na sukari, wambadilishie ya presha, waianze upya alopurinoli kutoka chini na kinga pembeni, na akae na dozi moja ya kutuliza nyumbani asije akahangaika saa nane usiku. Aende wiki hii akiwa amevaa viatu vyote viwili, asingoje mpaka ya kandambili.